Chama cha Avenu na Daftari la Wazee

Mji wa Lubumbashi umeitwa kwa jina la mto mdogo. Mtu akiruka vizuri wakati wa kiangazi, anaweza karibu kuuvuka bila kulowa miguu. Lakini mto huo mdogo umeupa jina mji wa watu wengi sana. Kabla ya mwaka 1910 hapakuwa na mji. Palikuwa na pori, vijiji vya Walamba, na vichuguu vya mchwa virefu kupita nyumba. Vichuguu hivyo vingi havipo tena. Vimekwenda wapi? Vimekuwa nyumba. Watu walichimba udongo wake, wakafyatua matofali, wakayachoma. Basi, mtoto wa Lubumbashi anayelala katika nyumba ya matofali mekundu, pengine analala ndani ya kichuguu cha zamani!

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, nayo ikataka shaba. Mwaka 1910 reli kutoka upande wa Rhodesia ikafika, na mwaka uleule mkubwa wa serikali, Emile Wangermée, akaagiza barabara zipimwe kwa kamba, zinyoke kama mistari ya daftari la hesabu. Mji ukaitwa Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa karibu na mto. Wamisionari nao hawakuchelewa: Wabenedikto walifika mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye, na Wasalesiani wa Don Bosco wakafika mwaka 1911.

Na wafanya kazi je? Walitoka mbali. Wengine walitoka Rhodesia na Nyasaland, wengine Kasai, Lomami, Maniema, hata Rwanda. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Hapo kwanza Kibemba kilisikika sana kazini. Lakini wakubwa wa makampuni walipoanza kutafuta watu zaidi katika Kongo yenyewe na Rwanda kuliko Rhodesia, Kiswahili kikazidi nguvu, kikawa lugha ya wote. Hakuna kabila hata moja la mji lililokileta kutoka kijijini kwao. Ni lugha ya watu waliokutana kazini, sokoni na kwenye bomba la maji.

Waafrika hawakuruhusiwa kukaa pamoja na Wazungu. Kwanza walikaa karibu na mji; halafu, mwaka 1921, wakahamishiwa mbali zaidi, mahali panapoitwa leo Kamalondo. Zamani mtaa huo uliitwa Albert, kwa jina la mfalme. Kati ya mtaa na mji wa Wazungu kiliachwa kipande cha nchi kitupu. Wakubwa walisema mbu hawezi kuruka mbali, kwa hiyo malaria ya Waafrika haitawafikia Wazungu. Ajabu ni kwamba boyi, mpishi na mlinzi walivuka kipande hicho kila asubuhi, nao hawakuitwa hatari mpaka jioni. Usiku mtu mweusi hakuweza kutembea katika mji wa Wazungu bila barua ya bwana wake.

Mtaa wa kwanza ulipojaa, ukafunguliwa wa pili, mwaka 1929. Huo ni Kenya. (Mwanafunzi asiyejua atafikiri tunasema habari za nchi ya Nairobi. Sivyo, ni komini yetu ya hapa.) Halafu mwaka 1950 ikaanza Katuba, na baada yake Ruashi. Kule Katuba mtu alipewa parsele, akakopeshwa vyombo vya kujengea, akajenga mwenyewe nyumba yake, akalipa polepole. Wazee wengi wa Katuba hukuonyesha ukuta wa nyumba na kusema: «Tofali hili nililiweka kwa mkono wangu.»

Si mambo yote ya historia ni mazuri kuyasoma. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita kubwa, wafanya kazi wa shaba walikataa kwenda kazini, kwa sababu bei za vitu zilipanda na mshahara haukutosha. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi, na watu wengi wakafa. Mwaka 1957, kwa mara ya kwanza, wanaume wa komini walipiga kura kuchagua washauri wao. Mwaka 1960 ukaja uhuru, pamoja na kutengwa kwa Katanga, kulikoisha mwanzo wa mwaka 1963. Mwaka 1966 mji ukaacha jina la malkia, ukachukua jina la mto wake.

Nani aliandika mambo haya? Wazungu waliandika mengi: maofisa, mapadri, makampuni. Lakini mwaka 1965 ilitokea kazi ya namna nyingine. Walikuwako watumishi wa zamani wa nyumbani, maboyi na wapishi, waliokuwa na chama chao katika komini za Elisabethville. Walikuwa wamezeeka. Walikuwa wamesimama nyuma ya viti vya Wazungu miaka mingi, wakipakua supu na kusikia maneno yote ya mezani. Mmoja, aitwaye André Yav, akaandika kitabu kwa niaba ya chama, kwa Kiswahili cha mjini, jinsi kinavyosemwa. Kikaitwa kwa Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Si kikubwa, kurasa zake hazifiki 40. Ndani yake mnasomwa habari za Wazungu wa kwanza na majina ya utani waliyopewa na Waafrika, taabu za watumishi, mishahara midogo, na vita walivyopigana askari wetu. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapa pamoja na tafsiri, na sasa wenye elimu kubwa wa nchi mbalimbali wanakisoma. Wapishi wale hawakungoja mtu mwingine awaandikie.

Sasa sikilizeni habari za avenu moja ya mji huu. Jina lake hatulisemi, kwa maana avenu nyingi zinafanana nayo, na labda ni ya kwenu.

Katika avenu hiyo kulikuwa na chama cha kutengeneza mtaa. Watu wa nyumba 40 hivi walitoa franka kidogo kila mwezi. Walikuwa na msimamizi, mwandishi, na mshika-sanduku. Jumamosi asubuhi walitoka na majembe, mabeleshi na toroli, wakaondoa takataka na kuzibua mifereji, ile ambayo wengi huita kanivo. Wazazi wao walifanya vile zamani za Mobutu, katika kazi ya lazima iliyoitwa salongo. Lakini salongo ile iliamriwa kutoka juu, na hii watu waliitaka wenyewe. Kwa hiyo wavivu walikuwa wachache. (Walikuwako, lakini wachache.)

Taabu yao kubwa ilikuwa maji. Katika Katanga mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Kila mwaka, mvua ikizidi, maji yaliingia katika parsele sita za chini. Vyoo vilijaa, magodoro yalilowa, na watoto waliugua tumbo na malaria. Mwaka mmoja mtoto mchanga alikufa kwa kuhara, wiki mbili baada ya maji kuingia. Ndipo chama kikaapa kuyashinda maji.

Walichimba mfereji mpya, ulionyoka sawa na avenu, mzuri wa kutazama. Mkubwa wa katiye alikuja kuusifu. Halafu ikanyesha mvua ya kwanza. Maji yalifuata mfereji mpaka katikati, yakasimama kidogo kama mtu anayefikiri, yakavunja ukingo, yakaingia palepale yalipokuwa yakiingia sikuzote. Safari hii yaliingia kwa nguvu zaidi, kwa sababu mfereji uliyakusanya! Mama mmoja mjane akapoteza ukuta wa jiko lake na gunia la unga wa mahindi.

Katika mkutano watu walipiga kelele. Wengine walisema feza zirudishwe. Wengine walimlaumu msimamizi. Kule nyuma alikaa mwanamke mzee, Nkambo wa watoto wa nyumba ya kona, ambaye hakuja kwenye mikutano kwa sababu ya miguu. Siku ile alikuja. Akaomba neno.

«Wanangu,» akasema, «mnayapeleka maji mahali yasipopajua. Sisi tulipofika hapa, mimi nikiwa mtoto, hii haikuwa avenu yote. Pale palikuwa na bonde la majani, na maji yalipita mshazari. Tulikuwa tunakamata vyura pale. Wakati wa kujenga nyumba, bonde liliachwa wazi. Hakuna aliyejenga.»

Msimamizi akamwuliza kwa heshima: «Nkambo, mbona hukutuambia tangu zamani?»

«Mliniuliza lini?»

Watu wakacheka, lakini si sana.

Ndipo mwandishi wa chama, aliyekuwa mwalimu wa shule, akatoa shauri. Kabla ya kuchimba tena, wawaulize wazee wote wa avenu, na maneno yao yaandikwe katika daftari. Walichagua vijana wanne. Wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakauliza: Ulifika mwaka gani? Ulikuta nini? Nani alikaa jirani yako? Maji yalipita wapi?

Kazi hiyo si rahisi kama unavyofikiri. Mzee mmoja alisema bonde lilikuwa upande wa mwembe. Wa pili akasema upande wa pili. Wa tatu akasema hakukuwa na bonde kamwe, na kwamba Nkambo alikuwa mdogo mno kukumbuka. Mzee husahau kama sisi, na wakati mwingine huikumbuka sana ile habari inayomsifu yeye. Kwa hiyo yule mwalimu aliwafundisha vijana kuandika maneno ya kila mmoja mbalimbali, bila kuyachanganya, na jina la msemaji pembeni. Halafu waende kutazama kwa macho: Ardhi imelala namna gani? Miti mizee iko wapi? Ukuta gani unapasuka kila mwaka?

Kuta zilizopasuka zilikuwa katika mstari mmoja, mshazari, kama Nkambo alivyosema. Na mstari huo ulipita moja kwa moja chini ya ukuta wa ua wa mshika-sanduku.

Hapo mambo yakawa mazito. Mshika-sanduku alikuwa mtu mwema, asiyeiba hata franka moja. Aliinunua parsele ile katika miaka ya 1990, na karatasi zake alikuwa nazo. Akasema: «Mimi nilinunua ardhi, sikununua bonde. Nionyesheni alama moja tu kwamba maji yalipita hapa kwa ruhusa ya serikali. Mkishindwa, msiuguse ukuta wangu.» Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ukuta ni mali.

Nkambo akakumbuka neno jingine. Wakati wa salongo, katika miaka ya 1970, vijana walizika mabomba ya saruji katika bonde lile, ili maji yapite chini na watu watembee juu. Mwashi aliyeyapanga alikuwa kijana wa avenu, kutoka jamaa ya Kasai. Yuko wapi leo? Watu wakatazamana. Wakubwa walijua, watoto hawakujua.

Mwaka 1992 na 1993, kwa ajili ya ugomvi wa siasa, watu wa asili ya Kasai maelfu kwa maelfu walifukuzwa katika Katanga. Taabu ilikuwa kubwa zaidi katika Likasi na Kolwezi. Walikaa wiki nyingi katika vituo vya reli wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa. Katika Lubumbashi wengi walibaki, lakini wengine waliogopa wakaondoka pia. Wengi wao walizaliwa Katanga. Kasai hawakuijua isipokuwa kwa jina. Mwashi yule aliondoka na mke na watoto, akauza nyumba yake kwa bei ya haraka. Hakuna aliyefanya karamu ya kumwaga. Wengine walifunga madirisha yao ili wasimwone akipita.

Binti wa Nkambo alimjua mtu aliyemjua mtu mwingine, na baada ya siku tisa namba ya simu ikapatikana. Mwashi alikuwa hai, huko Mbuji-Mayi, mzee sasa. Jumapili baada ya Misa watu walikusanyika nyumbani kwa mwandishi, simu ikawekwa juu ya meza, wote wasikie.

Kwanza alinyamaza sana. Wakafikiri simu imekatika. Halafu akauliza habari za mwembe, kama bado unazaa. Wakamwambia unazaa. Ndipo akaanza kueleza: mabomba ni kumi na moja, la kwanza linaanzia hatua saba kutoka mwembe ule, kina chake ni urefu wa mkono mzima wa mtu, na la mwisho linafunguka nyuma, mahali palipokuwa na shimo la kufyatulia matofali. «Niliyapanga kwa mteremko wa vidole viwili kwa kila bomba,» akasema. «Hayakuziba hata siku moja wakati nilipokuwa huko.»

Mwandishi alipomshukuru, mwashi akamwuliza: «Mwalimu, katika daftari hilo mmeandika majina ya wenyeji wa kwanza wa kila parsele?»

«Ndiyo, Baba.»

«Na langu?»

Mwalimu alifungua daftari ingawa alijua jibu lake. Vijana waliandika majina ya wale waliowakuta. Katika parsele ile waliandika jina la mshika-sanduku tu, kana kwamba kabla ya 1993 palikuwa pori. Tena haikuwa parsele ile moja. Walipohesabu baadaye, waliona jamaa tano zilizosahauliwa, na hakuna aliyekuwa amewakataza vijana kuziandika. Kila mzee aliyeulizwa alizipita tu, kama mtu anavyokipita kisima kilichofunikwa.

«Halimo, Baba,» akajibu mwalimu.

«Basi, mabomba mnayataka, mwenye kuyapanga hamumtaki,» akasema mwashi. Hakusema kwa hasira. Akawaaga kwa amani.

Siku ya Jumatatu walipima hatua saba kutoka mwembe, wakachimba. Bomba la kwanza lilikuwapo, limejaa udongo na mizizi. La pili likawapo. La tatu lilikuwa chini kabisa ya ukuta, nao msingi ulikuwa umelivunja. Mshika-sanduku alisimama akitazama shimo kwa muda mrefu, mikono mgongoni. Wengine walitazamia atagombana. Akaingia nyumbani, akatoka na nyundo kubwa, akaligonga tofali la kwanza mwenyewe.

Hata hivyo alidai jambo moja, nasi tunaona alidai vema: ukuta ujengwe tena pembeni kwa gharama ya wote, kwa maana maji ni ya wote. Mkutano ukakubali kulipa nusu. Nusu ya pili alilipa yeye kwa miezi mingi, akaandika kila franka katika kitabu cha sanduku, kwa mwandiko wake mzuri.

Mvua ya Januari ilipokuja, maji yalipita chini, yakatokea nyuma. Parsele moja tu kati ya sita iliingiwa na maji, na hiyo ni kwa sababu mwenyewe aliweka takataka mdomoni mwa bomba. Alikaripiwa sana na mjane wa jiko lililovunjika.

Na lile daftari je? Mwandishi alinunua jingine, kubwa zaidi. Katika ukurasa wa kila parsele aliandika wote waliokaa hapo, wa kwanza hata wa mwisho, na mwaka wa kufika, na mwaka wa kuondoka. Palipoulizwa sababu ya kuondoka, watu walibishana usiku mbili. Wengine walitaka iandikwe «walihama». Nkambo akakataa. «Kuhama ni kwa hiari,» akasema. «Mimi nilikuwapo.» Mwisho waliandika: «Walifukuzwa, 1993. Hatukuwatetea.»

Ukurasa huo ulipigwa picha kwa simu, ikatumwa Mbuji-Mayi. Mwashi alijibu kwa maneno machache. Alisema jina la mke wake limekosewa herufi moja. Likasahihishwa.

Maulizo

Kwa nini mfereji wa kwanza haukufaa? Mshika-sanduku alikuwa na haki gani, na jirani zake walikuwa na haki gani? Kwa nini mwalimu aliwaambia vijana waandike maneno ya kila mzee mbalimbali? Watumishi wa Elisabethville walioandikiwa kitabu mwaka 1965, walijua nini wasichokijua mabwana zao?

Kazi ya nyumbani: Mwulize mtu mzee kuliko wote katika avenu yenu nani alikaa katika parsele yenu kabla ya jamaa yako. Andika jibu lake jinsi alivyolisema. Akinyamaza, usimsumbue, andika ya kuwa amenyamaza, na umwulize tena siku nyingine.